Mkono Nyuma ya Nguzo

Jumatano, tarehe 11 Machi 1998. Alfajiri theluji ilikuwa imelegea kidogo, kisha upepo ukavuma kutoka mtoni ukaigandisha tena, na vijia vyote vya mtaa wa kiwandani vikawa utelezi mtupu. Barafu iliyoning'inia kwenye mapaa ilikuwa ikidondoka vipande vipande. Kila kipande kilipopasuka chini, Nonna Arkadyevna alishtuka jikoni kama mtu aliyegongewa mlango.

Hakuwa ameketi tangu alipoamka. Alifungua kabati akalifunga, akahamisha kikombe kutoka mezani hadi dirishani, akakirudisha. Mezani kulikuwa na viazi vya kuchemsha na kabichi iliyochachushwa, maana ilikuwa Kwaresima na mama mkwe wake hakuruhusu hata harufu ya siagi.

"Mkono upi?" Nonna aliuliza.

Mumewe, Savely, alikuwa akimenya kiazi. "Wa kushoto."

"Inua nione."

Savely akainua wa kulia, kisu kikiwa humo humo.

"Savely!"

"Kisu nimekishika kwa huu. Ulitaka niinue kiazi?"

"Nataka uinue wa kushoto. Kila swali. Hata nikiuliza jina lako, wewe ni wa kushoto. Ukiinua wa kulia nitakuita, nikikuita hutajua, na mambo yote yataharibika."

"Mwache mtoto ale," alisema mama mkwe, Glafira Nilovna, bila kugeuka kutoka kwenye jiko. Mtoto huyo alikuwa na miaka arobaini na sita na mvi masikioni. "Alizaliwa wa kushoto. Mwalimu wake wa kwanza akaniambia, mama, mfunge mkono huo, mwanao ataandika kama kuku. Nikaufunga kwa soksi mwaka mzima. Tangu hapo akibabaika hajui huu wala ule. Sasa wewe unautaka tena wa kushoto. Amueni basi, ninyi walimu."

Mpango wa mikono Nonna hakuubuni yeye. Kila aliyesoma shule za nchi hiyo aliujua. Siku ya somo la wazi, wageni wakiwa wameketi nyuma ya darasa na kalamu zao, mwalimu anauliza swali na wote wanainua mikono, msitu mzima. Anayejua anainua wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia, na wageni wanaandika kwamba darasa zima lina akili. Rimma Lvovna, mkuu wa mafunzo kiwandani, alikuwa amemkumbusha Nonna jambo hilo juzi, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga bomba la maji.

Na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kiwanda cha giaboksi kilikuwa kimepata mashine mpya kutoka nje, na maandishi yote juu yake yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mafundi waliletwa jioni, mara kadhaa kwa wiki, kwenye Jumba la Utamaduni wajifunze; leo tu, kwa ajili ya wageni, somo lilikuwa mchana. Nonna, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa, alichukuliwa kuwafundisha kwa majaribio. Tume ya mkoa ikiridhika, kozi itakuwa ya kudumu, na yeye atapewa kazi ya kudumu. Isiporidhika, ataendelea kuwa mtu wa majaribio mpaka watakapomchoka.

Savely alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Mafundi watakaofaulu wangehamia karakana mpya, yenye joto. Watakaoshindwa wangepelekwa uwanja wa vyuma chakavu, nje, kwenye upepo. Lakini si upepo uliomsumbua Savely. Kufundishwa na mkewe ndiko kulikomsumbua. Wenzake walimuuliza kila asubuhi kama jana usiku alipewa kazi ya nyumbani na kama aliimaliza. Alizoea. Asichoweza kuzoea ni jambo la jana, kwenye mazoezi ya somo. Kila swali yeye alikuwa wa kushoto, tena kwa amri. Kapitolina, dereva wa kreni, akapaza sauti: "Savely Prokhorovich, mkono wako wa kulia uko likizo?" Darasa likacheka. Nonna naye akacheka, kidogo tu, akafunika mdomo kwa daftari.

Kicheko hicho kidogo Savely alirudi nacho nyumbani, na asubuhi hii alikuwa bado nacho.

"Leo nitainua wa kushoto kama unavyotaka," alisema akisukuma sahani. "Kesho naenda uwanja wa vyuma chakavu. Nitajiandikisha mwenyewe, msinisubiri nishindwe. Chuma hakiniulizi kitu."

Glafira Nilovna akageuka. "Unasema kwa hasira, Sava."

"Nasema kwa mkono wa kushoto, mama."

Nonna alisikia, lakini saa ilikuwa ikimkimbiza. Alivaa koti, akafunga vifungo vibaya, akavifungua. Glafira akawalazimisha wote waketi kimya kidogo kabla ya kutoka, kama wanavyoketi watu wanaokwenda safari ya mbali. Nonna akawa wa kwanza kuinuka. Mbele ya picha takatifu ya mlangoni alipiga ishara ya msalaba, akaomba haraka moyoni: Bwana, leo usimwache Savely achanganye mikono. Kisha wakatoka, kila mtu akiangalia mahali pa kuweka mguu wake.

* * *

Kuna jambo Nonna hakulijua. Jumapili Savely alikuwa ameenda mtoni kuvua samaki kwenye barafu, kama kawaida yake, na ndani ya sanduku lake la kukalia alikuwa ameweka kurasa za somo zilizokunjwa. Neno la wiki hiyo lilikuwa gear, lile ambalo Waswahili wamelichukua wakaliita gia. Waingereza wanalitumia neno hilo moja pale ambapo Warusi wanahitaji maneno matatu, na maana ya tatu ilikuwa imemshinda Savely wiki nzima. Akiwa ameinamia tundu lake kwenye barafu alisoma, akatazama vitu vilivyomzunguka, akasoma tena. Kisha akaanza kuvigusa kimoja kimoja, keekee ya kutobolea barafu, uzi, ndoana, na juu ya kila kimoja akalitamka neno lile kwa sauti. Mvuvi wa jirani alimtazama, akahamisha sanduku lake mbali kidogo.

Alirudi nyumbani na samaki watano. Mama yake akampa paka samaki hao wote, kwa sababu ya Kwaresima. Savely hakujali. Alikuwa na habari ya kumwambia mkewe, na alipanga kuisema Jumanne, baada ya mazoezi. Lakini Jumanne mkewe alicheka.

* * *

Glafira Nilovna ndiye aliyetunza chumba cha kuwekea makoti katika Jumba la Utamaduni. Kila aliyeingia alimpa koti lake juu ya kaunta, naye akampa kibati chenye namba. Tume ilifika ikipangusa miguu. Walikuwa watatu: mwanamke aliyeshika mafaili, msichana mkalimani mwenye kitambaa chekundu shingoni, na mkuu wao, Innokenty Pavlovich, mwanamume mkubwa aliyetembea polepole kama anayepima sakafu. Glafira alipokea koti lake, akaligeuza shingoni, akaligeuza tena.

"Halina kitanzi," alisema. "Mtu mzima kutoka mkoani, na koti halina kitanzi! Nilitundike kwa nini, kwa sikio? Mkeo haoni?"

"Glafira Nilovna!" Rimma Lvovna alisema kwa mnong'ono mkali.

"Mke wangu alifariki, mama," alijibu Innokenty Pavlovich.

"Mungu amrehemu," alisema Glafira, akapiga ishara ya msalaba. "Basi liache hapa juu. Nitakushonea."

Rimma Lvovna alimvuta Nonna pembeni. Alikuwa na manukato makali na uso wa mtu ambaye hajalala. "Mumeo atakaa wapi?"

"Mstari wa pili. Kama jana."

"Mweke nyuma ya nguzo."

"Kwa nini?"

"Usikasirike, Nonna Arkadyevna. Uso wake una kitu. Hata akielewa anaonekana haelewi. Halafu wakijua ni mumeo watasema tumejaza ukumbi na ndugu. Nguzo ipo, tuitumie."

Nonna alimwendea mumewe, ambaye alikuwa ameshaketi na ameshaweka kalamu yake mbele yake, sambamba na ukingo wa meza. "Sava, hamia kule nyuma. Bomba la joto liko karibu, utapata raha."

Savely aliitazama nguzo, akamtazama mkewe. Akachukua kalamu yake.

"Asante kwa joto," alisema.

* * *

Somo lilianza vizuri mno. Nonna aliandika lile neno ubaoni. Chaki ikamkatikia mkononi, akaendelea na kipande.

"Sisi tuna maneno matatu, wao wana moja," alisema. "Nani atatupa maana ya kwanza?"

Mikono yote ikapaa. Wageni wakatazamana, wakaridhika. Nonna akachagua wa kulia, kijana wa mashine za kukata meno ya gia, naye akasimama akasema kama mtu anayesoma tangazo: "Gurudumu la meno. Lile linaloshikana na mwenzake na kumzungusha."

"Vizuri sana. Na ya pili?"

Msitu tena. Akachagua wa kulia mwingine. "Ile hatua ya mwendo unayobadilisha ukiendesha gari. Ya kwanza, ya pili, ya kurudi nyuma." Mtu mmoja akaongeza kwa sauti ya chini, "Gari la shemeji yangu lina ya kurudi nyuma tu," na hata yule mwanamke wa mafaili akatabasamu huku akiandika.

Mabomba ya joto yaligonga ukutani. Limebaki moja, Nonna alijiambia, moja tu. Maana ya tatu ilikuwa ya Kapitolina. Alikuwa ameikariri, na jana aliisema mara tatu bila kukosea.

"Na maana ya tatu?"

Mikono ikapaa. Nonna akamtafuta Kapitolina, akaona kwamba dereva huyo wa kreni, mwanamke aliyezoea kuning'iniza tani kadhaa juu ya vichwa vya watu bila kupepesa jicho, alikuwa mwekundu mpaka shingoni, na mkono alioinua ulikuwa wa kushoto. Amesahau. Nonna akatazama mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa kushoto, wa kushoto, wa kushoto. Jana ilikubaliwa kwamba hilo ni swali la Kapitolina, na hakuna mwingine aliyelishughulikia.

Kisha nyuma ya nguzo akauona mkono mmoja wa kulia. Uso wa mwenye mkono ulikuwa umefichwa na nguzo. Ulionekana mkono tu, mpana, wenye kovu la bisibisi kwenye dole gumba, umenyooka.

Amechanganya, aliwaza Nonna. Nilijua. Bwana, nilikuomba kitu kimoja tu.

Akayahamisha macho. "Tufikiri kidogo," alisema, na sauti yake ikapanda. "Tusikimbilie. Kapitolina Yegorovna, labda wewe?"

Kapitolina akasimama, mkono wake wa kushoto bado juu, kama mtu aliyesimamisha basi. "Ilikuwepo," alisema. "Naapa asubuhi ilikuwepo." Akaketi.

Watu wakacheka kwa wasiwasi. Rimma Lvovna, aliyekuwa karibu na dirisha, alimtolea Nonna macho. Mkono nyuma ya nguzo haukushuka. Nonna alimtazama kijana wa mashine, akatazama ubao, akatazama saa. Akatazama kila kitu ukumbini isipokuwa mkono ule.

"Samahani," alisema Innokenty Pavlovich kwa upole. "Kuna mtu pale nyuma ya nguzo. Ameinua mkono muda mrefu. Mbona humwiti?"

"Yule?" Nonna alisema, na ulimi ukamtangulia. "Yule amekosea mkono."

Mikono yote iliyokuwa juu ikaanza kushuka mmoja mmoja, polepole, kama iliyojionea aibu. Mwanamke wa mafaili akaweka kalamu chini. Hakuna mtu katika ukumbi ule aliyehitaji kuelezwa. Wote walikuwa wamewahi kuwa watoto katika shule zile zile.

"Sikukosea," ilisema sauti nyuma ya nguzo.

Savely akatoka akasimama mahali pa kuonekana. Hakumtazama mkewe. Alimtazama mkalimani, kwa sababu ndiye aliyeonekana kutokuwa na madaraka yoyote juu yake.

"Maana ya tatu ni vifaa vya kazi fulani, vikiwa pamoja. Mimi huvua kwenye barafu. Keekee ina jina lake, uzi una jina lake, ndoana hali kadhalika. Lakini ukivikusanya ukavitia begani ukaenda mtoni, hilo furushi zima ni neno hilo." Akalitamka. Akafikiri kidogo, akaongeza: "Na mikate aliyonifungia mama, nayo imo."

"Mikate haimo," alisema mkalimani, akicheka. "Mengine yote ni sahihi. Matamshi ni ya mtoni, lakini ni sahihi."

"Mikate haimo," Savely alikubali kwa uzito. Akarudi nyuma ya nguzo akaketi.

Rimma Lvovna ndiye aliyewahi kusema. "Innokenty Pavlovich, uongozi haukujua lolote kuhusu habari hii ya mikono. Huu ni ubunifu wa mwalimu."

"Na mimi sijui kreni ni kitu gani," alinong'ona Kapitolina, wakasikia wote.

Nonna alikuwa ameshika ukingo wa meza. Angeweza kusema ni nani aliyemwagiza. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini alichokumbuka wakati ule ni sala yake ya asubuhi, akaona alivyoomba. Aliomba juu ya mkono. Kwa ajili ya mwenye mkono hakuomba kitu.

"Ni mimi," alisema. "Mimi niliwaambia nani ainue upi. Wao walitii tu."

Innokenty Pavlovich alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Shuleni kwetu aliyejua alikunjua kiganja," alisema. "Asiyejua alikunja ngumi. Nilikunja ngumi miaka mingi." Watu wakacheka, naye akasubiri wamalize. "Lakini siwezi kuandika kwamba nimeona somo. Nimeona ngoma iliyofanyiwa mazoezi, na jibu moja. Kazi ya kudumu siwezi kuitia saini leo. Kozi iendelee kwa majaribio, kama wanafunzi watataka kuja. Wakati wa vuli tutarudi, na safari hiyo hatutatoa taarifa mapema."

* * *

Kwenye chumba cha kuwekea makoti kulikuwa na foleni na minong'ono. Mlango wa ukumbi ulikuwa umeachwa wazi wakati wa somo, na Glafira Nilovna alikuwa amesikia kila kitu huku akishona. Alimpa mkuu wa tume koti lake, akamwonyesha kitanzi kipya kwa kukivuta kwa nguvu. Innokenty Pavlovich alikigusa kwa kidole, akashukuru, akasimama akilivaa polepole.

Savely alifika kaunta, akaweka kibati chake. "Koti, mama. Nataka niwahi ofisi ya uwanja kabla hawajafunga. Nikachukue glavu."

Nonna alikuwa nyuma yake, vidole vimejaa chaki. "Sava."

Savely hakugeuka. "Koti, mama."

Glafira alilitoa koti la mwanawe kwenye msumari, akalikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Sitoi," alisema.

"Mama, watu wanasubiri."

"Wasubiri. Kuna joto humu. Nilikufunga mkono kwa soksi kwa sababu mwalimu alisema, na sikukuuliza wewe hata siku moja. Leo mwalimu yuko hapo nyuma yako. Akuambie kitu wewe mwenyewe, ndipo nitatoa koti. La kwako, na la kila mtu."

"Sema tu, Nonna Arkadyevna," alisema Kapitolina kutoka mkiani mwa foleni. "Nina zamu, na huyu mama hatanii."

Savely aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi kumtazama mkewe usoni. "Somo lijalo, Ijumaa, nije," aliuliza, "au nisije?"

Mkono mmoja wa Innokenty Pavlovich ulikuwa umeshaingia kwenye koti, mwingine bado. Rimma Lvovna alikuwa akitazama kibati chake. Nonna alipangusa vidole kwenye sketi, akazidi kujipaka chaki, akaacha. Alimwita mumewe kwa jina lake na la baba yake, kama anavyoitwa mtu wa kuheshimiwa mbele ya watu.

"Savely Prokhorovich, njoo. Naahidi mbele ya mama, mbele ya darasa langu, na mbele ya wageni hawa: Ijumaa utakaa popote upendapo, na wewe ndiye nitakayekuuliza wa kwanza, ujue usijue. Na mkono utakaouinua nitauamini. Sitakuchagulia tena."